Kidude cha Mkononi na Taulo za Kinyozi

Dada yangu mkubwa alikuwa mfua nguo tangu tukiwa wasichana. Watoto wa mtaani walimwita Mama Povu, naye aliitika bila kununa. Alisema afadhali Povu kuliko majina waliyopewa shangazi zetu.

Mwanawe wa pekee ni kinyozi. Kila jioni alimletea taulo za siku hiyo kwenye gunia, zimejaa nywele. Nywele za kinyozi si uchafu wa kulowekwa ukaondoka, zinajishona kwenye taulo. Dada alizikung'uta taulo moja moja, nywele zilizogoma akazitoa kwa kucha, na asubuhi akasugua, akasuuza, akakamua mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Alipokuwa akisuuza alimwombea mwanawe wateja. Mungu alisikia, wateja wakaongezeka, na taulo nazo zikaongezeka.

Umri ulipokwenda miguu yake ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

"Mwambie mwanao atafute mtu mwingine," nilimwambia.

"Ataona nimemchoka."

"Hujamchoka yeye, umezichoka taulo."

"Yeye na taulo ni kitu kimoja," akasema, akacheka.

Kijana naye alikuwa ameiona miguu ile, tena alikuwa amesikia mahali kwamba mtu akikaa sana miguu huvimba. Kila akija jioni alimkuta mama yake kwenye kigoda, kazi imekwisha, nguo zimekunjwa. Basi akamtania, "Mama, umekuwa bibi harusi, kutwa kukaa. Shukuru nakuletea taulo, ndiyo mazoezi yako." Alisema kwa mapenzi, hilo nalijua. Dada alitabasamu tu, akalivuta gunia upande wake.

Ndipo akaja binti mmoja wa mradi wa afya. Walitaka kujua watu wazima wanajishughulisha kiasi gani kwa siku, maana mtu ukimuuliza kwa mdomo, huyu anaongeza na yule anasahau. Akamfunga dada kidude mkononi, kama saa isiyo na uso. Alieleza kuwa kinahisi kila mtikisiko wa mkono na kuuhifadhi ndani yake.

"Kivae muda wote, mama, hata ukioga. Maji hayakidhuru. Ila kitunze sana, wiki ikiisha kinakwenda kwa mwingine."

Alipoondoka, dada alikaa akikitazama kile kidude.

"Sasa sina haja ya kusema," akaniambia. "Hiki kitamwambia mwanangu jinsi ninavyochoka, naye atanionea huruma bila mimi kulalamika."

Uso wake ulikuwa mwepesi siku zile. Katika sala zake alikiombea kidude, kama mtu anavyomwombea shahidi wake.

Wiki ilipoisha binti akarudi. Kijana alikuwepo, nami nilikuwepo.

"Umekitunza, mama?"

"Nimekitunza sana, mwanangu."

Kweli, kilikuwa kinang'aa vilevile kilivyoletwa. Binti akakiunganisha na kompyuta yake, akaangalia, akakunja uso kidogo.

"Mama, asubuhi mpaka mchana kuna saa nyingi hakuna mtikisiko kabisa. Ulikuwa unakivua?"

Kijana akamwahi. "Avue wapi? Kila nikija anacho mkononi. Huyu analala tu," akamwambia binti.

Dada aliinama, akalivuta gunia la taulo miguuni pake.

"Basi jitahidi kutembeatembea, mama," binti akasema kwa upole. "Kukaa sana si kuzuri."

"Si nilisema?" Kijana akacheka, akamkumbatia mama yake mabega. "Hata mashine imesema."

Walipokwenda zao nilimfuata uani. Alikuwa ameshaanza kukung'uta taulo.

"Dada, ulikuwa unakivua?"

"Wakati wa kufua tu. Nakifunga kwenye leso, naweka juu ya kabati. Nikimaliza nakivaa tena."

"Si alisema maji hayakidhuru?"

"Hata saa ya marehemu shemeji yako walisema hivyohivyo, ikafia kwenye beseni hili. Kitu cha watu kingeharibika kwangu, yule binti ningemtazamaje?"

"Twende tukamweleze mwanao."

"Ameshacheka mbele ya mgeni, nisimtie aibu. Nitamwambia mwenyewe, siku akiwa ametulia."

Siku hiyo haikufika. Tena aliutii ushauri, maana alikuwa mtu wa kutii. Akimaliza taulo alizunguka mtaa kwa miguu yake ile, akishika kuta.

"Mama Povu, unakwenda wapi?" watoto wakamuuliza.

"Napunguza kukaa."

Asubuhi moja jirani alimkuta amelala chini ya kamba ya nguo, kibanio kingali mkononi. Hospitali walisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka muda mrefu.

Baada ya mazishi nilirudi uani. Taulo zilikuwa bado kambani, zimenyeshewa na kukauka tena. Nikawa nazianua. Kijana akaja, akasimama nyuma yangu.

"Mama mdogo, alikuwa anachoka?"

Nikamweleza yote, ya leso, ya kabati na ya saa ya baba yake. Alikaa kwenye kigoda cha mama yake, magoti yakamfika kifuani.

"Mbona hakuniambia?"

"Alidhani kidude kitakwambia."

Alichukua taulo moja mapajani, akaanza kutafuta nywele ndani yake kwa kucha, taratibu, alivyokuwa akifanya mama yake. Hakupata hata moja.