Jezi ya Boay Haikauki

Sitaki kubishana na mtu. Kama unadhani nimeanza kuota mchana, njoo kwangu hapa Tlawi, uishike jezi iliyo kwenye kamba nyuma ya nyumba, halafu uende zako. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na akili zangu zote zikiwa kichwani.

Mimi ndiye niliyekuwa nafua jezi za timu yetu ya kata. Kila baada ya mechi waliniletea gunia la matope, na nilimjua kila mchezaji kwa uchafu wake. Kipa anachafuka viwiko, beki anachafuka makalio kwa kuteleza. Boay alichafuka kila mahali kwa sababu alicheza kila mahali. Kipa akiumia kidole, Boay anavaa glovu. Beki akipewa kadi, Boay anarudi nyuma. Ndiyo maana mashabiki walimwita Kiraka. Na mpira wa kurusha ndio usiseme. Alikuwa akisimama kwenye mstari, anaufuta mpira kwa jezi tumboni, mara mbili, taratibu, halafu anaurusha mpaka unatua mbele ya goli kana kwamba umepigwa kwa mguu. Watu walitoka Bashay kuja kuangalia mikono ya yule kijana.

Unajua alikufaje? Ukiwauliza hao wanaomkumbuka kwa maspika kila mwaka, watakwambia wapinzani wetu, watu wa Nangwa, walimtupia kitu. Uongo mtupu.

Timu yetu, kama timu nyingi tu, ina kamati ya ufundi. Usidhani inafundisha mpira. Ni wazee wa kushughulikia dawa. Kabla ya mechi kubwa wanachagua mchezaji mmoja, wanamsimamisha golini, wanammwagia maji ya dawa akiwa ndani ya jezi, na jezi hiyo haivuliwi wala haianikwi. Lazima ikaukie mwilini. Ikianikwa, wanasema, nguvu zinabaki kwenye kamba. Sasa fikiria baridi ya Tlawi mwezi wa saba, na aliyechaguliwa ni Boay, ambaye tayari anakohoa. Nilimfuata Mzee Tarmo, mwenyekiti wa kamati, nikamwambia huyu mtoto anaumwa kifua, nipeni hiyo jezi nikaikaushe jikoni. Akaniambia kazi yangu ni sabuni. Boay akacheza na ubichi wake, tukawafunga Nangwa, wakambeba juu juu. Haikupita wiki, akawa anavuta pumzi kwa shida. Wakampeleka kwa mganga. Hospitali wakaikataa, eti sindano itaharibu dawa. Walipokuja kukubali, hapakuwa tena na mtu wa kutibiwa.

Nina hasira mpaka leo na siifichi. Ni haohao waliochapisha fulana zenye picha yake. Ni haohao wanaosimama kimya uwanjani wakifuta machozi, Mzee Tarmo akiwa mbele kabisa. Aibu hawana.

Baada ya mazishi, mama yake alinipa ile jezi, hakutaka kuiona ndani kwake. Nikaifua, nikaianika, ikakauka vizuri, nikaifungia sandukuni.

Mwaka huu mechi ya kumkumbuka ikapangwa dhidi ya Nangwa walewale. Siku moja kabla ya mechi, mchana, Mzee Tarmo akanitumia ujumbe kwamba niipeleke uwanjani jezi ya Boay. Wamepata kiraka mpya, Emanueli, mtoto wa jirani yangu, kijana niliyemwona akitambaa. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nikaitoa jezi sandukuni, kavu, imekunjwa, nikaitia kwenye ndoo. Sikwenda kuwapa. Nilikwenda kuwauliza mbele ya Emanueli, ni nani aliyefia ndani yake.

Nilipofika uwanjani, ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wetu, unaweza kunyoosha mkono usivione vidole. Nikawa nafuata mstari wa chokaa pembeni ili nisipotee. Mbele yangu nikasikia mpira ukidundadunda. Nikamwona kijana amenipa mgongo, anaufuta mpira tumboni kwa jezi. Mara mbili. Taratibu.

Akageuka.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Niamini, mdomo ulitangulia akili. Maji yalikuwa yakimdondoka viwikoni na kidevuni, na midomo yake ilikuwa na rangi ileile ya siku ya mwisho.

"Mama, jezi yangu ilikauka?"

"Ilikauka, baba."

Akajitazama kifuani.

"Mbona mimi sikauki?"

Hakuuliza kwa ubaya. Watu husema ukikutana na marehemu unakimbia. Sikukimbia. Nilivua kitenge changu begani, nikamnyooshea ajifute. Mkono ukapita kwenye ukungu mtupu, na kitenge kikarudi kimelowa chapachapa. Ndoo nayo ikawa nzito mkononi. Nikachungulia. Jezi ilikuwa inaelea kwenye maji, na ile harufu ya mizizi ya dawa yao ikanipanda puani.

Hapo ndipo woga wote uliponiishia, ikabaki hasira. Nikaenda moja kwa moja mpaka golini. Kamati yote ilikuwepo, beseni tayari, na Emanueli kifua wazi, anatetemeka. Nikaimwaga jezi miguuni kwa Mzee Tarmo, nikamweleza nani nimetoka kuongea naye. Aliitazama, akawageukia wenzake.

"Nangwa wameanza mapema," akasema.

Umesikia? Mtoto waliyemuua amekuja analowa, yeye anawaza uchawi wa Nangwa.

Nikamwambia, "Basi ivae wewe, mzee. Ikaukie mwilini mwako."

Hakuigusa. Nikamgeukia wa pili, akarudi nyuma. Wote wale, watu wazima, wanaojua dawa, hakuna aliyenyoosha hata kidole. Emanueli aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akaokota sweta lake, akalivaa, akanifuata.

Kesho yake tulifungwa vibaya sana. Mashabiki wakasema nimenunuliwa na Nangwa. Kazi ya jezi wakaninyang'anya, na kuna watu wa rika langu hapa kijijini tunapishana njiani kama mbuzi, bila salamu. Sawa. Emanueli yuko Katesh, anafanya kazi zake, na akija huku anaanza kwangu, shikamoo yake naisikia toka mlangoni. Kifua chake kizima.

Jezi nilirudi nayo. Tangu siku ile nimeianika juani, kwenye upepo huu wa kiangazi unaopasua midomo, nimeiweka mpaka juu ya jiko. Nguo zilizo jirani nayo kwenye kamba zinakauka. Yenyewe kila asubuhi naikamua na maji yanatoka, yale yale, ya baridi.

Kwa hiyo wewe mwenye fulana ya Boay kabatini, usije kunililia mimi. Njoo uikamue kwanza jezi yake. Na siku watakapomvika mwanao kitu kibichi, wakakwambia uache kikaukie mwilini, usiwaulize maana yake. Mvue.