Kasuku Anyamaza

Redioni walimwita Kasuku, na hata mkurugenzi alikuwa amesahau jina lake halisi. Kipindi chake kilikuwa cha mafundi: waashi, washonaji, wachomeleaji. Watu hao wanaujenga mji kwa mikono yao, na mji haujui hata nyuso zao! Kasuku peke yake ndiye aliyewapa nafasi ya kusikika. Sasa kituo kilikuwa kinahamia kwenye video.

"Kisicho na picha hakina nafasi," mkurugenzi alisema. "Ijumaa utuoneshe kipindi chako kwa video, la sivyo tunakifunga."

Basi Kasuku, mvi zote kichwani, akaketi mbele ya programu mpya ya kuunganisha picha na sauti. Siku ya kwanza mdomo wa fundi viatu aliyekuwa amemrekodi ulicheza, maneno yakaja baadaye yakihema. Kasuku akaisonya kompyuta, akaanza upya. Alikosea, akafuta, akauliza, akakosea tena. Kufikia Alhamisi alikuwa anakata na kuunga bila kubabaika. Akaipeleka kazi nyumbani, kifua mbele.

Mkewe akaketi kutazama.

"Sasa fundi anachukua sindano," sauti ya Kasuku ilisema kwenye video. "Anapitisha uzi. Anauvuta..."

"Baba watoto," mkewe akasema, "mimi si kipofu."

"Kwani vipi?"

"Sindano naiona! Hebu mwache fundi wa watu apumue."

"Mama, redioni ukinyamaza kidogo tu, msikilizaji anadhani betri zimekwisha."

"Kwani hii ni redio?"

 Kasuku akaivuta kompyuta, akaanza kuikata sauti yake mwenyewe, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilimuuma. Lakini kumbe chini yake kulikuwa na mambo! Uzi ukikwaruza ngozi. Nyundo ikigonga kisigino. Fundi akijiimbia taratibu.

Ijumaa, video ikaoneshwa kwenye chumba cha mikutano. Mkurugenzi aliiweka simu yake chini, na hakuigusa mpaka mwisho.

"Kunyamaza kule kakufundisha nani, Kasuku?"

"Mke wangu. Amejaribu miaka mingi."

Kicheko kikalipuka.

"Kipindi kinabaki," mkurugenzi akasema. "Tena tunakiongezea muda."

Kasuku hakungoja kikao kifungwe. Alitoka hadi kwenye korido, akampigia fundi viatu.

"Fundi, tumepita!"

"Tumepita wapi tena, mzee?"

"Mji mzima utakuona, bwana! Mji mzima!"