Bokoboko Kabla ya Hoki

Watu wakisikia kwamba Maskati ilikuwa na timu ya hoki ya barafu, hucheka. Wacheke. Mimi jezi zao nilizifua kwa mikono yangu, harufu yake naijua.

Ilianzishwa na wanangu wawili waliporudi kutoka masomoni, nchi za baridi. Wakakusanya vijana wa jirani zetu wa Wadi Kabir na wazungu wa kampuni za mafuta. Uwanja wa barafu ulikuwa mmoja tu mji mzima, ndani ya jengo la michezo ya watoto. Nje jua linakuunguza, ndani meno yanagongana. Viatu vyao vina visu chini, na visu vile wakivipeleka kunolewa kwa fundi wa gereji nyuma ya nyumba yangu. Wakicheza Alkhamisi jioni, muda wa saa moja tu. Saa hiyo ndiyo timu yenyewe. Ikiondoka, pa kwenda hapana.

Siku moja msimamizi wa jengo akawaambia saa yao atawapa watoto wa sherehe za kuzaliwa, maana hoki haina watazamaji. Wakambembeleza. Akasema, "Mechi yenu na hao wa Dubai, nikiona viti vimejaa, saa yenu. Visipojaa, khalas."

Mwanangu mkubwa akanijia jikoni. "Mama, tutafutie watu."

"Watu nnao. Lakini wageni watakula kwangu kwanza."

"Baada ya mechi, mama."

"Mtu atoke Dubai umpokee kwa barafu? Nani kakulea wewe?"

Akatoka kwenda kutafuta mikeka.

Siku ya mechi nikapika bokoboko la kuku, ngano imepondwa na nyama hata ikawa uji mzito, samli inaelea juu. Wakakaa mkekani, wageni na wenyeji wamechanganyika kila sinia. Kwetu mwenyeji hainui mkono siniani kabla mgeni hajashiba. Wageni nao, walivyoona wenyeji wanaendelea, wakaona haya kuacha. Kila mmoja akimngoja mwenziwe. Masinia yakarudi jikoni meupe.

Siku ile hakukimbia mtu. Walikuwa wakiteleza kama makabati yanayohamishwa. Golikipa wetu aliinama mara moja, kuinuka ikawa kazi. Wanawake niliowaita, wa Khoudh na wa Bustan, walikuja na watoto wao wote, wamejifunika mashali mpaka puani. Bao hawalijui ni lipi, basi kila akianguka mtu, wao vigelegele.

Jirani yangu akaniinamia. "Shoga, nani anashinda?"

"Bokoboko," nikamwambia.

Tulifungwa moja bila. Mwanangu mkubwa hakutazama hata hilo bao, alimtazama msimamizi, kasimama mlangoni anavihesabu viti kwa macho. Watoto wengine walikuwa wamekaa ngazini kwa kukosa nafasi. Mwanangu akamwendea anahema.

"Vimejaa?"

"Vimejaa. Lakini hawa wamekuja kwenye mechi au harusini?"

"Wewe ulisema viti."

Yule bwana akatikisa kichwa, kisha akacheka. "Haya. Saa yenu."

Waliicheza saa ile hata wakaoa, hata wakazaa, mpaka jengo lilipofungwa na barafu ikaachwa iyeyuke. Sasa wana mvi, na wamenenepa bila ya kulishwa na mimi. Alkhamisi ikifika jioni, saa yao ile, mwanangu mkubwa hunipigia simu kutoka Khoudh. Huniuliza tu nimepika nini, nami namtajia chungu kimoja kimoja, na hakuna anayekata.