Injini Ambayo Muasya Hakuisikia

Miaka yote waliyokaa Kaloleni, Syombua hakuhitaji saa kujua mumewe atarudi lini. Ndege kubwa ya mizigo ikipita juu ya paa la vigae, ikinguruma kama lori linalopanda mlima, alijua imerejea kutoka kaskazini, na kwamba Muasya ataikagua kisha aje nyumbani. Hapo ndipo alipobandika chai.

Muasya alikuwa fundi wa injini katika kambi ya jeshi la anga kule Eastleigh. Ndege hizo alizishika tangu ujana wake. Zilipeleka mahindi Wajir wakati wa njaa, zikabeba askari, zikaleta wagonjwa. Sasa zilikuwa zimechoka. Mafuta yalivuja, vipuri vilikuwa haba, na serikali ilikuwa imeagiza ndege mpya za kuchukua mahali pake. Mafundi walikuwa wakichaguliwa kwenda ng'ambo kujifunza injini hizo, na jina la Muasya lilitajwa kabla ya mengine yote.

Syombua alifurahi mno. Muasya mwenyewe alikataa katakata.

"Siendi," alisema. "Hizo mpya waachiwe vijana. Mimi nitabaki na hizi zangu mpaka mwisho."

"Baba Wayua, kuna nini? Si wewe uliyekuwa ukiiota ng'ambo kila siku?"

Muasya alijifanya anatafuta kiatu chini ya kitanda. Syombua akaona amekasirika, akamwacha.

Jumapili moja walipotoka kanisani, Muasya aliketi nje kwenye kigoda, akitengeneza stovu ya jirani yao Asenath. Ndege ikatokea nyuma yake, chini chini, injini moja ikikohoa. Watoto wa mtaa walitimka wakipiga kelele. Hata Syombua, aliyekuwa akianika nguo, alisikia kwamba ile injini haiko sawa. Muasya hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua kichomeo kwa kitambaa mpaka kivuli cha ndege kilipopita juu ya mikono yake. Ndipo aliposhtuka akatazama juu.

Macho yao yalikutana. Mengi yakamjia Syombua kwa mpigo mmoja: redio iliyofunguliwa hadi majirani wakalalamika, zile "eeh, eeh" zisizolingana na swali, na jinsi siku hizi mumewe alivyomtazama midomo anapozungumza, naye akidhani ni mapenzi.

Aliingia naye ndani, akafunga mlango, akamshika mashavu ili amwone vizuri.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. La kushoto lilitangulia. Ukichaguliwa kwenda ng'ambo lazima upimwe masikio, Mama Wayua. Wakinipima, nimekwisha. Fundi asiyeisikia injini ni mtu gani?"

"Ni mume wangu," Syombua alisema. Kisha akauliza polepole, "Na hiyo iliyopita sasa hivi ikikohoa, nani ataikagua kesho?"

"Inakohoa?"

Swali hilo lilimtoa Syombua machozi. Muasya alikaa kitandani akainamisha kichwa. Ndege ile ilibeba watu, na yeye ndiye aliyekuwa akiithibitisha kwamba ni nzima.

Asubuhi walitoka pamoja, Syombua akamsindikiza mpaka lango la kambi. Muasya alimwendea Sajini Irungu, mkubwa wake aliyekuwa pia rafiki yake, akamweleza kila kitu. Irungu akasogea pale Muasya angeweza kumwona midomo.

"Ungeniambia mapema, ndugu yangu. Ningekukinga na makelele."

Injini ilifunguliwa siku hiyohiyo, ikaonekana ina ufa. Hakuna aliyeumia. Muasya aliondolewa kwenye injini, akapewa kazi ya macho na mikono: kushona viti vya turubai, kupaka rangi, kuzitayarisha ndege kuukuu kwa wanunuzi wake. Alizifanyia kazi hiyo kama mtu anayempamba binti yake.

Ya mwisho ilipokuwa ikiondoka, Irungu alimruhusu Syombua aingie kambini. Alisimama mbele ya mumewe, mgongo wake ukiielekea ndege, ili Muasya aone midomo na ndege kwa pamoja.

"Injini zote mbili zimewaka," alimwambia. "Zinanguruma vizuri. Hakuna kikohozi."

"Basi iende," Muasya alisema. Ilipopaa alilia bila kujificha, naye Syombua akamfuta uso kwa ncha ya leso yake.

Muasya alistaafu mwaka huohuo. Akafungua kibanda karibu na ukumbi wa Kaloleni, akawa fundi wa stovu na cherehani. Watu walijifunza kumgusa bega kwanza ndipo wamsalimu.

Binti yao Wayua alipojifungua, alimleta mtoto nyumbani kumwonyesha babu yake. Muasya alimpokea mapajani, akaona kinywa kimefunguka na ngumi zimekunjwa.

"Analia?"

"Mtaa mzima unajua," Syombua alisema.

"Sauti yake ikoje?"

Syombua alifikiri kidogo, akamsogelea.

"Nzito. Kama yako ukichelewa kupewa chakula."

Muasya alicheka mpaka mtoto akanyamaza kumtazama.