Pilau Kabla ya Mechi

Majani yaliyokatwa asubuhi, bado yana umande, yakichanganyika na mdalasini na iliki kutoka kwenye buti ya gari: hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi zangu nilipokuwa na miaka tisa. Majani yalikuwa ya uwanja wa chuo kimoja pale Thamesmead, ambako baba yangu alikuwa kocha wa besiboli. Viungo vilikuwa vya mama. Ndiyo, besiboli, hapa London, na kocha mtu wa Iringa. Watu wakicheka huwaacha wacheke kwanza, maana hata sisi nyumbani tulicheka. Baba alijifunza mchezo huo shuleni kwao, kwa mwalimu wa kujitolea aliyetoka Japani, akaupenda kupita kiasi. Alipopata kazi ya kufundisha michezo chuoni, aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kuanzisha timu.

Timu ilianza, na kushindwa nako kukaanza. Wachezaji walikuwa wanafunzi wa uuguzi, umeme na upishi, wengi watoto wa Wanigeria, Waghana na Wakenya wa Woolwich, ambao rungu la besiboli walikuwa hawajawahi kulishika. Mambo yakimzidi, baba alipiga kelele kwa Kiswahili, "Kimbia, mwanangu! Usiangalie nyuma!" nao walikimbia, hata wale wasiojua neno moja la Kiswahili. Kiangazi kile mkuu wa chuo alichoka. Alimwita baba ofisini akamwambia kwa upole kwamba timu isiposhinda hata mechi moja kabla ya msimu kwisha, itavunjwa na uwanja watapewa watu wa soka. Jioni hiyo baba alibakiza nyama kwenye sahani, na mama akajua hali ni mbaya.

Ikabaki mechi moja. Mama, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, alikuwa zamu siku hiyo, lakini aliamka alfajiri akapika pilau ya kuku, sufuria mbili za shughuli, ili timu zote mbili zile baada ya mchezo. Mimi niliachiwa ulinzi wa sufuria. Wageni wakafika mapema mno, wametoka mbali, wakasimama karibu na meza yangu wakinusa. Baba alikuwa ng'ambo ya uwanja akichora mistari ya chokaa. Sasa, mimi ni mtoto wa mwanamke wa Tanga. Mama alinifunza kwamba mgeni haulizwi kama ana njaa, kwa kuwa atasema hapana. Unamwekea chakula mbele yake, basi. Nikawawekea. Walipomaliza nikawaongeza, na kocha wao, mzee mnene wa Kiingereza mwenye masharubu meupe, nikamwongeza mara tatu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, unapiga mpira kwa rungu, halafu unakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wapinzani hawajaurudisha. Ni mchezo wa mbio, na wageni wetu siku ile mbio hawakuwa nazo. Mmoja alifika kituo cha pili akakaa kitako. Mwingine aliutazama mpira ukimpita kama mtu anayeaga basi. Tulishinda! Wanafunzi walimbeba baba juujuu, mkuu wa chuo akapiga makofi, nami nikalia kwa furaha.

Kisha baba akafunua sufuria. "Chakula kiko wapi?" Nikamweleza, nikingoja sifa. Aliposikia kwamba wageni walikula kabla ya mechi, uso ulimshuka.

"But Dad, they were guests!" nilijitetea.

"Najua, mama. Wewe hujakosea," alisema taratibu. "Ila mimi siwezi kunyamaza."

Akanishika mkono, tukavuka uwanja hadi kwa yule mzee, ambaye mkuu wa chuo alikuwa akiagana naye. Baba akawaeleza yote, akasema ushindi wa namna ile hautaki, na yuko tayari mechi irudiwe. Nilitamani kumvuta shati. Yule mzee akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Hakuna aliyetulisha kwa nguvu," alisema. "Lakini tukirudia, nani anapika?"

Ilirudiwa Jumamosi iliyofuata, na safari hii kila mtu alikula kwanza. Habari za pilau zilikuwa zimefika Woolwich. Uwanja uliozoea watazamaji watano ulijaa wauguzi, kina shangazi wa kanisani na watoto kwenye vigari vyao. Tulishindwa, tena vibaya. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkuu wa chuo, akiwa na sahani ya pili mkononi, alimwambia baba kwamba uwanja uliojaa hivi hana sababu ya kuugawa. Baba alifundisha pale miaka kumi na mitano zaidi, na sikumbuki mwaka tuliofika hata katikati ya msimamo.

Leo nina umri aliokuwa nao baba siku ile, na kazi ya ofisini yenye kadi shingoni. Nimeshinda kuliko yeye: zabuni, vyeo, mabishano ya mikutanoni. Ushindi mwingine niliijua kasoro yake, nikanyamaza, nikala keki ya pongezi pamoja na wenzangu. Baba alikuwa na ushindi mmoja tu, tena aliuhitaji kuliko mtu yeyote uwanjani, na aliuvusha kwa miguu yake mwenyewe kwenda kuurudisha. Nilipokuwa na miaka tisa nilidhani ni ujinga. Sasa ndio najua siku ile nilikuwa nimeshikwa mkono na nani.