Nimepiga Hodi kwa Marehemu, Nikaitikiwa

Jamani, leo nimepiga hodi kwenye chumba cha maiti na nimeambiwa karibu.

Msicheke. Naandika nikiwa ndani ya gari, hapa hapa Hyattsville, Maryland, Marekani.

Mwanzo nilikuwa intern kwenye kliniki ya meno, mji wa Falls Church. Raha tupu. Sasa chuo kimenipeleka kampuni ya mazishi.

Leo bosi kaniambia niende peke yangu chumba cha baridi, nikalete kitanda cha magurudumu kilicho tupu.

Nikafika mlangoni. Malezi ya Tanga haya, neno likanitoka lenyewe: "Hodi!"

Ndani ikajibu sauti nzito: "Karibu."

Kwa Kiswahili! Maryland!

Nikarudi nyuma hatua mbili. 

Mlango ukafunguka taratibu. Kilichotangulia ni mpini wa fagio. Nyuma yake Mama Furaha, Mkongo anayefanya usafi, kaushika kama mkuki, kaogopa kunishinda.

"Weye ni mutu?"

"Ni mtu, mama. Shikamoo."

"Hapa hakuna mutu anapigaka hodi! Nimeitika, kisha nikajiuliza, nimekaribisha nani?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Lakini naomba ushauri, sitanii. Kesho asubuhi natumwa tena humo humo, na Mama Furaha yuko off.

Mdomo wangu naujua. Hodi itanitoka tu.

Nikiitikiwa je?