Hapana ya Kwanza

Miaka kumi na tisa Attracta Geraghty alitunza ufunguo wa kaburi la kale la mawe lililo juu ya kilima, lenye chumba ndani, ukining'inia msumarini jikoni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na hakuwahi hata siku moja kuona jua likiingia humo ndani. Huingia asubuhi chache tu za Novemba. Nyingi ya hizo mawingu yalikilalia kilima. Na zile mbili tatu zilizotakata, wageni walimtangulia, na chumba cha ndani hakichukui zaidi ya watu wanne. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Jumatatu mafundi wangelifunga kaburi watengeneze paa, kazi ya miaka sita, naye ana miaka sabini na minane na nyonga mbovu.

Malachy, mumewe, alimshauri awaambie wageni ufunguo umepotea, aingie peke yake. Lakini Wajerumani watatu walipobisha hodi alfajiri, Attracta aliutungua akawapandisha kilimani mwenyewe, mkongojo mkononi, akipiga hesabu njia nzima: wao watatu na yeye, wanne. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

Alipofungua mlango, mmoja wao, mwanamke mrefu aitwaye Wiebke, akamgeukia.

"Bibi, utaingia nasi?"

"Aa, hapana, nitawabana tu."

Kijijini hapo hata mtoto anajua kwamba hapana ya kwanza ni adabu tu, na ya pili pia. Ukiulizwa mara ya tatu ndipo unasema haya basi, dakika moja. Attracta alikuwa ameshaegemeza mkongojo kwenye jiwe, akingoja kuulizwa tena.

"Sawa," akasema Wiebke. Akamshukuru kwa dhati, akamwachia makoti yao matatu, akainama kuingia.

Attracta alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Aliwakasirikia wao, akamkasirikia marehemu mama yake aliyemfunza kukataa biskuti mara mbili, akajikasirikia mwenyewe kuliko wote. Angeweza kuwaita. Hakuwaita. Jua likachomoza nyuma yake, na ikambidi asogee pembeni na yale makoti yao, asije akaliziba. Ndani akasikia mtu akishusha pumzi.

Walipotoka wakifuta machozi, mwanga ulikuwa umeshahama mlangoni.

"Una bahati, bibi," Wiebke akamwambia. "Wewe unaliona kila mwaka."

"Ndiyo hivyo," akasema Attracta, akafunga mlango kwa ufunguo.

Nyumbani Malachy alikuwa nyuma ya gazeti. Akamuuliza alivyomuuliza kila asubuhi tangu waoane, "Utakunywa chai?" huku akifunua ukurasa mwingine.

"Nitakunywa," akasema Attracta, hata kofia hajavua. "Na mkate. Na siagi nyingi."

Malachy akashusha gazeti. Birika hakuwa hata amelibandika.